Watoto wa kambini na mitaani: gari lako la waya lilikuwa na tairi za nini?

#1 Mtoto wa Yunipoti

Wadau, juzi nilikuwa Katwe natafuta beringi ya mashine ya kusaga. Fundi akamwaga kopo zima la vyuma juu ya meza, na humo ndani nikaiona beringi ndogo inayotosha kiganjani, ile ile tuliyokuwa tukiiwinda utotoni kwa ajili ya vigari vya mbao. Nimeinunua. Haina kazi yoyote nyumbani kwangu. Mke wangu kaniuliza ya nini, nikamjibu ni spea.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Ndiyo sababu ya uzi huu. Mimi ni wa 1978, nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya hapa Kampala, na lugha niliyochezea ni Kiswahili. Baba Mlugbara, mama Mteso. Bila Kiswahili wasingeelewana hata bei ya mahari.

Tuanze na gari la waya. Waya ulipatikana kwa njia ambazo sitazitaja zote. Moja naikiri: kamba ya kuanikia nguo ya mama mmoja, mke wa sajini, ilikuwa ya waya mgumu, na ilifupika kila mwezi mpaka shuka zake zikawa zinafagia nyasi. Koleo hatukuwa nayo. Ulikunja kwa meno na kwa jiwe. Kwanza fremu ya chini, halafu boneti, halafu ekseli mbili, na mwisho ule mti mrefu wa usukani unaokufikia kifuani, juu yake duara. Ulikimbia nyuma ya gari lako ukikata kona, mdomo wako ndio injini, na kilimani ulibadilisha gia kwa koo mpaka likakauka.

Tairi ndizo zilizokutambulisha. Mtoto wa konstebo alikata kandambili zilizokwisha kwa wembe. Mtoto wa koplo alitumia vifuniko vya makopo ya Kimbo. Mtoto wa inspekta aliletewa gari la plastiki kutoka dukani, na sisi tulimhurumia kwa sababu halikuwa na usukani, ilibidi apige magoti kulisukuma.

Kulikuwa na aina. Land Rover ya polisi, nyuma kipande cha boksi kimeandikwa UP na namba. Basi la UTC, kampuni ya mabasi ya Uganda, refu, likikata kona linapinda kiuno. Na Kamunye, yaani matatu. Mwenye Kamunye alilazimika kuwa na kondakta wa kukimbia pembeni akiita "Kabalagala, Ggaba! Kabalagala, Ggaba!" (Kwa wageni: Kabalagala ni mtaa, na kabalagala pia ni zile chapati ndogo tamu za ndizi. Kondakta mwenye njaa aliita kwa uchungu zaidi.)

Kigari cha mbao kilikuwa jambo la wakubwa kidogo: ubao, misumari, beringi nne, na mteremko. Breki ni kisigino. Goti langu la kushoto lina alama mpaka leo. Ningekuwa na shavu jipya pia, kama si yule mbuzi aliyepokea sehemu kubwa ya mwendo.

Mwaka 1987 tulipata utajiri wa ghafla. Serikali ilibadilisha pesa mwezi wa tano, sifuri mbili zikafutwa, na baada ya siku za kubadilishia kupita, noti za zamani zilizosahauliwa kwenye masanduku zikawa zetu. Tulikuwa na duka la udongo na benki ya jiwe. Niliwahi kununua gari la mwenzangu kwa shilingi laki mbili taslimu. Mama alipoliona lile bunda alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza nimelitoa sanduku gani.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mchezo tulioupenda kuliko yote kambini uliitwa panda gari. Waliokuwapo Kampala mwanzoni mwa miaka ya themanini wanajua jina limetoka wapi. Askari walizingira mtaa alfajiri, wakakusanya watu, na amri ilikuwa hiyo hiyo ya Kiswahili: panda gari. Wengine hawakurudi. Sisi tuliichukua amri tukaifanya mchezo. Wawili askari, waliobaki raia, mstatili mchangani ndio lori. Ukiguswa unapanda, unachuchumaa, unanyamaza mpaka mwenzako aje kukugusa ushuke.

Nikiwa P.2, yaani darasa la pili, niliupeleka mchezo huo uwanja wa shule. Tulikuwa na mtoto mmoja Muganda, tumekaa dawati moja, ananipa gonja yake, ndizi ya kuchoma, nami nampa chaki nilizookota. Nilipomkimbilia nikipiga kelele "panda gari!" aliketi chini pale pale, mikono kichwani, akajikojolea. Wenzangu walicheka. Na mimi nilicheka. Miaka mingi baadaye dada yangu akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba baba wa yule mtoto alipandishwa lori na hakushuka.

Nimeliandika. Tuendelee.

Televisheni. Laini yetu, yaani safu yetu ya nyumba kambini, ilikuwa na moja, nyeusi na nyeupe, nyumbani kwa sajini yule yule wa waya wa nguo, kwa hiyo niliingia nikiwa na dhamiri mbaya. Masharti: nawa miguu, kaa chini, usiulize swali wakati wa habari. Mbele ya kioo walibandika lile karatasi la plastiki lenye rangi tatu, bluu juu, rangi ya machungwa katikati, kijani chini. Msomaji wa habari alikuwa na paji la bluu na tai ya kijani, nasi tukasema hiyo ndiyo kala. Mlingoti wa UTV, televisheni ya taifa, tuliuona kwa macho juu ya kilima cha Kololo, taa zake nyekundu usiku, lakini picha ilikuja kwa kubembelezwa. Mmoja nje anazungusha mti wa antena, mmoja dirishani anapokea taarifa, mmoja ndani anapiga kelele: "Bado! Rudi! Rudi kidogo! Hapo hapo usipumue!" Kazi ya kuzungusha niliipata mara nyingi. Nimezisikia filamu nyingi kuliko nilizoziona.

Kombe la Dunia 1990, Italia, tuliliona kwenye mesi ya polisi. Siku Cameroon walipowafunga Argentina ya Maradona moja bila, na wamebaki tisa uwanjani, hata mahabusu walisikia. Halafu Roger Milla, miaka 38, anafunga anakwenda kucheza kwenye kibendera cha kona. Mwezi mzima hakuna mtoto aliyefunga goli bila kukimbilia kona na kukatika kiuno, hata kama kona yenyewe ilikuwa choo cha laini B. Robo fainali na Uingereza ilianza saa nne usiku kwa saa zetu, tukaruhusiwa. Penalti mbili za Lineker. Tulirudi tumenyamaza kama tunatoka mazikoni.

Haya, na ninyi. Mlichezea nini, mliangalia wapi, mlichapwa kwa nini?

#2 Mgeni wa Dar

Ndugu yangu, shikamoo kwanza maana naona umenizidi miaka. Nimesoma mpaka mwisho. Ila sijui yunipoti ni kitu gani, na mmekuwaje na televisheni mapema namna hiyo? Sisi Tanzania bara mpaka 1994 hatukuwa na kituo hata kimoja. Wazanzibari ndio walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi, na hawakuacha kutukumbusha.

#3 Mtoto wa Yunipoti

Marahaba, Mgeni. UTV ilianza 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, na rangi zilikuja 1975 wakati wa mkutano wa OAU hapa Kampala. Rangi zilikuja studio, si nyumbani kwa sajini.

Yunipoti ni kijumba cha duara cha bati, paa linapanda kama kofia ya pia. Serikali iliwajengea polisi vingi sana. Familia nzima inakaa mle, pazia moja ndilo linalotenga chumba cha wazazi. Saa saba mchana unaweza kuoka mkate ukutani. Mvua ikinyesha watu wanazungumza kwa ishara. Faida yake ni moja: ukuta wa duara hauna kona ya kumwambia mtoto akasimame.

#4 Binti Bombo

Jamani, kwani watoto wote wa Uganda walikuwa wavulana? Uzi mzima waya na beringi!

Mimi ni Mnubi wa Bombo. Babu mwanajeshi, baba mwanajeshi, kaka mwanajeshi. Nyumbani Kinubi, nje Kiswahili, shuleni Kiingereza cha kuokoteza. Mwanasesere wangu wa kwanza alikuwa gunzi la mahindi bichi, lile ambalo nywele zake bado zipo. Unamsuka kweli. Unamfunga kipande cha gurbaba ya bibi, vazi letu la Kinubi, unambeba mgongoni, na baada ya siku nne ananyauka, nywele zinakuwa kahawia. Tulikuwa tunawazika. Tunafukiza udi, tunapika chai ya matope, wanawake wa kitongoji wanakuja kulia. Bibi alitukuta siku moja akatuchapa kwa kuita msiba, halafu akakaa akatuonyesha namna watu wazima wanavyokaa msibani.

Blada ndiyo ilikuwa medali yetu. Ule mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, unaukata nyuzi ndefu, unazifunga, wawili wanaushika na wengine wanaruka: vifundoni, magotini, kiunoni, kifuani, shingoni. Niliruka shingoni. Waliokuwapo wanajua.

Na kwepena, ambayo wavulana wanajifanya hawakucheza. Wawili wanarusha mpira, wewe uko katikati unakwepa huku unajaza chupa mchanga. Ukiijaza umeokoa timu nzima. Nimekuwa nikijiuliza kama hilo jina la kwepena si lile lile la kwetu, kukwepana, maana Waganda wanalitumia kama lao na sisi tunalitumia kama letu.

Kaka yangu alinizuia kucheza kwepena nilipofika P.6. Alisema nimekua. Sikuwa nimekua. Yeye alikuwa anashindwa tu.

#5 Mpakani

Salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Sisi UTV tuliijua kwa jina. Ukigeuza antena upande wa jua linakochomoza unapata KBC, televisheni ya Kenya, na KBC ndiyo iliyonifundisha Kiswahili ninachoandikia hapa. Vioja Mahakamani tuliangalia kwa jirani, watoto kama arobaini na mbwa wawili. Kesho yake tunafungua mahakama yetu chini ya mwembe. Mimi nilikuwa mshtakiwa siku zote, nilikuwa na sura ya hatia.

Pipi zetu nazo zilikuwa za ng'ambo ya pili: Patco, Goody Goody, na Big G. Big G moja ilitafunwa siku tatu na watu watatu. Usiku inalala ukutani, nyuma ya mlango, na kila mtu anaijua yake kwa alama za meno.

Panda gari hatukucheza, kwetu mchezo ulikuwa magendo. Mmoja afisa wa ushuru, wawili polisi, waliobaki wamebeba majani ya migomba wanasema ni sukari. Mpaka ni mfereji wa maji machafu. Na hapo ndipo ninapocheka nikikumbuka: hakuna aliyetaka kuwa mfanyabiashara. Wote tulitaka kuwa afisa wa ushuru. Tulikuwa tunaona ni nani anajenga nyumba za matofali.

#6 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimekuwa nikiwasoma kimya tangu asubuhi. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na mitatu, mashariki na Kampala. Mnavyosimulia, mwalimu ni kiboko na miwani tu. Ngoja niwaambie shule ilivyoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Ubao ulikuwa mweusi kwa sababu yenu. Mwisho wa muhula nilikuwa nawaagiza mlete betri za redio zilizokwisha. Tunazipasua, tunatoa ule unga mweusi, tunaponda na majani, tunasugua ubao mpaka uwe kama mgongo wa nyati. Likizo ikiisha unaandika chaki inaonekana mpaka nyuma. Na ile fimbo nyeusi ya katikati ya betri mliiba wote kuandikia kuta za vyoo, msidhani sikujua.

Kila mtoto fagio muhula unapoanza, na karatasi za choo ambazo hamkuziona tena. Hilo siwezi kulitetea, zilikwenda zilikokwenda.

Na kibao. Mtoto wa Yunipoti hakukitaja, labda kwa heshima. Kibao cha mbao chenye uzi, anavikwa shingoni anayesikika akisema lugha ya nyumbani. Anakivaa mpaka amsikie mwenzake naye akosee, amkabidhi. Jioni nilikuwa naita: nani ana kibao? Huyo anakula viboko au anafyeka nyasi. Niliwafanya watoto wapelelezi wa wenzao. Watoto wa polisi na wa jeshi walikivaa kuliko wote, kwa sababu Kiswahili chao kilikuwa kinawatoka bila taarifa, mtu akijikwaa tu: "Mama wee!" Tayari, kibao.

Julai 2022 nilikuwa nasikiliza redio, nikasikia baraza la mawaziri limepitisha Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikakitua. Niliwahesabu watoto niliowavika kibao kwa neno moja la Kiswahili, nikafika kumi na kitu nikaacha.

#7 Mtoto wa Yunipoti

Mwalimu, shikamoo. Sikukitaja kwa sababu nilikuwa nacho karibu kila Jumatatu, mpaka kilikuwa na alama ya shingo yangu. Nakumbuka mbinu: unamfuata mtoto mkimya nyuma ya madarasa, unamkanyaga kidole kwa makusudi, unasubiri alie kwa lugha ya mamaye. Mungu atusamehe.

#8 Mtoto wa UPE

Nyie wazee mna mambo. Mimi wa 1991, Walukuba, Jinja. Niliingia P.1 mwaka 1997, mwaka ule ule elimu ya bure ya msingi, UPE, ilipoanza. Mpango ulikuwa watoto wanne kwa kila familia, na sisi tulikuwa saba. Mnajua kikao cha familia cha kuchagua wanne? Mimi niliingia wa nne kwa sababu dada yangu mkubwa alisema yeye atasubiri. Alisubiri sana. Sasa ana duka la vitambaa na ndiye aliyenilipia chuo. Tuliache hilo.

Darasani tulikuwa zaidi ya mia, tumekaa chini, kitabu kimoja kwa watu wanane. Aliyekaa mkabala na kitabu alijifunza kusoma maandishi yakiwa kichwa chini, na nina rafiki anayeweza mpaka leo, anasoma hati za watu upande wa pili wa meza ya benki.

Gari la waya nimelikuta likielekea kuzikwa. Kwetu kulikuwa na Brick Game, ile yenye vitofali vinavyodondoka. Kijana mmoja mtaani alikuwa nayo, anakodisha. Ukipoteza unatoka, na yeye ndiye aliyeamua kama umepoteza.

Kibanda cha vidio sasa! Turubai, mabenchi, jenereta nje, joto la kuiva. Nililipa sarafu ya 200, ile yenye samaki. Filamu ya kichina au ya Marekani, na VJ anatafsiri juu yake kwa Kiganda papo hapo. Anawapa wahusika majina ya watu wa mtaani, anasema huyu jambazi anadaiwa kodi Mbiko. Steringi hawezi kufa, lakini VJ anaweza kumfanya awe na wake wawili. Baadaye nikaja kuiona filamu moja kwa Kiingereza chake. Nilisikitika sana. Haikuwa na hadithi.

Kituo binafsi cha WBS kilipokuja 1999 kila mtu alihamia kwenye video za muziki, na UTV ikabaki ya wazee na habari.

#9 Babu Kisenyi

Vijana, wote mmezaliwa juzi. Mimi nilikuwa P.6 Kampala ilipoanguka na Amin kupinduliwa, tarehe 11 Aprili 1979. Nimekulia Kisenyi, mtaa wa kila kabila, na Kiswahili kilikuwa sokoni, msikitini na kwenye kete za mweso. Mnauchezaje mweso siku hizi, kwenye simu? Sisi tulichimba mashimo thelathini na mawili ardhini, safu nne za nane, kokoto sitini na nne, na mzee anakutazama tu, unasikia aibu kabla hujakosea.

Askari wa Tanzania walipoingia, Waganda waliwaita bakombozi, neno letu wakombozi limevaa kanzu. Akina mama walikuwa na ndizi na mihogo ya kuuza lakini hawakuwa na Kiswahili, na wale askari hawakuwa na Kiganda. Mimi nina miaka kumi na miwili, nina vyote. Nikawa mkalimani. Mama anasema sita, mimi namwambia askari kumi na tano, askari anasema nane, mimi namwambia mama amekubali sita. Ile tofauti nililipwa kwa biskuti ngumu za jeshini. Zilivunja jino langu.

Vitu vya kuchezea vya mwaka ule vilikuwa maganda ya risasi. Yamezagaa kama mbegu za mchungwa. Ukipuliza mdomo wa ganda tupu linatoa mluzi mkali, na kila ukubwa una sauti yake. Tulipanga matano, tukawa na bendi. Kuna siku mtoto mmoja wa mtaa wa pili aliokota kitu ambacho hakikuwa ganda. Baada ya hapo mama alivikusanya vyote akavitumbukiza chooni, na mimi sikubisha.

Siku moja nikasikia mmoja wa wale askari wa Tanzania anamwita mwenzake "ndugu". Nilikuwa nimezoea kusikia Kiswahili cha askari ni "wewe!" na "toka!" Nilimfuata yule siku nzima nisikie atasema nini kingine.

#10 Jirani wa Mengo

Mimi ni Muganda, Kiswahili changu nimejifunza ukubwani kwa sababu ya biashara ya Nairobi, kwa hiyo mnisahihishe mkiona kosa.

Nimesoma hii habari ya panda gari mara mbili. Nyumbani kwetu mkisikia Kiswahili usiku, baba alizima taa na sisi tuliingia chini ya kitanda. Hatukujua maneno yanamaanisha nini. Tulijua sauti yake. Mpaka leo, nikiwa Nairobi mtu akinisemesha ghafla nyuma yangu, "Mzee, samahani," mabega yanapanda kwanza, halafu naelewa kwamba anauza soksi.

Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya kambi kulikuwa na watoto. Nasema kweli. Nilidhani kuna askari tu.

#11 Binti Bombo

Jirani wa Mengo, Kiswahili chako hakina kosa hata moja, nimetafuta.

#12 Mtoto wa Yunipoti

Jirani, asante kwa kuandika. Nimekaa na maneno yako tangu jana. Sina jibu. Kambini kulikuwa na watoto wengi mno, kaka, mpaka usiku wa Ijumaa ukihesabu miguu kwenye mkeka mmoja unapata ishirini.

Na sisi pia kulikuwa na sauti iliyotuingiza chini ya kitanda, ila ilikuwa ya redio. Zile ngoma za Radio Uganda zikilia kabla ya habari, baba anasimama. Januari 1986, serikali ilipoangushwa, zililia, baba akavua sare akaikunja vizuri akaiweka chini ya godoro, akakaa mlangoni kwa fulana. Tulikaa hivyo siku kadhaa. Mimi nilikasirika kwa sababu alinikataza kutoka na gari langu.

#13 Mtoto wa UPE

Swali dogo kwa mwenye uzi. Hilo gari la waya liliishia wapi?

#14 Mtoto wa Yunipoti

Mke wa sajini. Mwaka 1991 nilipomaliza PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, nilimpelekea mwenyewe, nikamwambia mama, waya wako huu hapa. Alilitazama, akalizungusha tairi moja kwa kidole, akasema nilikuwa najua. Halafu akanyoosha ule mti wa usukani, akautundika, akaanika soksi.

Na kwa wanaouliza, nilipata divisheni ya pili. Mwenye agrigeti 4, alama ya juu kabisa, alikuwa mtoto wa inspekta, aliyekuwa anasukuma gari kwa magoti.

#15 Mpakani

Mzee, tuzungumze mambo ya maana. Umesema una beringi moja. Kigari kinataka nne. Hapa Busia ninazo mbili za baiskeli ya mizigo, ukubwa huo huo.

#16 Babu Kisenyi

Ya nne ninayo mimi. Lakini bei ni kumi na tano.

#17 Jirani wa Mengo

Mwambieni nane.

#18 Mgeni wa Dar

Samahani wakubwa, kabla hamjatumiana mizigo. Nani atakipanda? Mwenye uzi ana kilo ngapi?

#19 Mtoto wa Yunipoti

Tisini na nne. Mpakani, zitume kwa basi la asubuhi. Breki nitaweka ya mpira mara hii, na Binti Bombo aje afunge ng'ombe na mbuzi wote wa mteremko ule kabla ya saa nne.